Je, Wajua? Silaha za Mimea Katika Mashamba ya Kasulu na Kibondo

Mmea hauwezi kukimbia. Panzi akija mchana, kiwavi akija usiku, muhogo utakutwa palepale ulipochomekwa. Kwa hiyo vita vyake vyote hupiganwa papo hapo: ndani ya jani, ndani ya mzizi, hewani juu ya shamba na chini ya udongo. Mashamba ya Buha, mkoani Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, yana karibu kila aina ya silaha hizo, na nyingine tunazila mezani kila siku.

Je, wajua kwamba jani la muhogo lisilo na jeraha halina sianidi iliyo huru? Lina vitu viwili vilivyotengwa. Kimoja ni linamarini, ambayo ni sukari iliyofungamana na sianidi, na hukaa ndani ya seli. Kingine ni kimeng'enya kiitwacho linamarasi, na makao yake ni kwenye kuta za seli na kwenye utomvu mweupe. Vikiwa mbalimbali havimdhuru yeyote. Panzi akiuma, seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na sianidi inazaliwa mdomoni mwake mwenyewe. Watafiti waliowachunguza panzi wanukao wa Nigeria katika miaka ya 1970 waliwaona wakikataa majani ya muhogo unaokua vizuri, kisha wakila bila wasiwasi majani yaliyokwisha kunyauka.

Je, wajua kuwa kinu cha kisamvu ni mtambo wa kuondolea sumu? Majani ya muhogo yana linamarini nyingi kuliko nyama ya mzizi. Mchi unafanya kazi ileile ya meno ya panzi: unavunja seli, unavikutanisha vile viwili, sumu inafunguka. Na kwa kuwa sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, sehemu yake inapotelea hewani hata kabla hujawasha moto, na chungu kisichofunikwa kinamaliza iliyobaki. Akina mama wa Kikongo walioko kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambao majani hayo huyaita sombe, huyatwanga mpaka yalainike kabisa, kisha huyachemsha kwa muda mrefu. Wako sahihi. Kisamvu kilichokatwakatwa kwa kisu na kuchemshwa harakaharaka hakina usalama huo.

Kwa nini basi mtu apande muhogo mchungu wakati mtamu upo? Kwa sababu mchungu hujilinda. Nguruwe pori, nyani na panya huupita wakaenda kwa jirani aliyepanda mtamu, na mwizi wa usiku hawezi kuung'oa akautafuna njiani. Familia yenye shamba la mbali inapata akiba inayokaa ardhini bila mlinzi. Gharama yake ni kazi: kumenya, kuloweka siku tatu au zaidi hadi mzizi ulainike, kuanika juani, kisha kusaga. Kipimo cha kimataifa kinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo.

Kazi hiyo ikifupishwa, silaha ya mmea inamgeukia mwenye shamba. Mwaka 1985, wilayani Tarime mkoani Mara, ukame uliwafanya watu watumie muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, na baadhi yao wakapooza miguu yote miwili ghafla. Ugonjwa huo ni konzo. Daktari Giovanni Trolli alikuwa ameueleza huko Kongo tangu mwaka 1938. Huwapata zaidi watoto na wanawake, na aliyepooza hubaki hivyo maisha yake yote. Hushika pale ambapo sianidi ni nyingi na protini ni haba, kwa maana mwili huhitaji salfa itokayo kwenye protini ili kuigeuza sianidi kuwa kitu chenye madhara madogo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoliwa kwa ugali wa muhogo wanaileta salfa hiyo. Maharage nayo yanaileta, kwa kiasi kidogo zaidi. Mwaka wa njaa, mtu asipunguze siku za kuloweka hata kama watoto wanalia. Nasema hivi kwa uzito wote, maana konzo haina tiba.

Je, wajua kuna wadudu wanaoukwepa mtego wa sianidi? Inzi weupe hawatafuni. Huingiza mdomo mwembamba katikati ya seli hadi kwenye mirija ya chakula, wakanyonya bila kuvunja kitu kikubwa. Wakati huohuo huambukiza virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia, magonjwa ambayo yote mawili yamefika mkoani Kigoma. Michirizi ya kahawia ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi Amani, kwenye milima ya Usambara. Hapohapo Amani wataalamu waliuchanganya muhogo na ndugu yake wa porini, mpira wa Ceara, wakitafuta mbegu inayostahimili. Damu ya mti ule bado imo katika mihogo mingi inayohimili magonjwa barani Afrika.

Je, wajua kuwa muhogo unaweza kuita askari? Vidung'ata wa muhogo waliingia Afrika kutoka Amerika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuenea kutoka pande za Kongo hadi sehemu kubwa ya bara. Mwaka 1981 walianza kuachiliwa Nigeria nyigu wadogo mno waliotoka Paraguay, Anagyrus lopezi, katika kazi iliyoongozwa na Hans Herren wa Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidung'ata, na mtoto wake humla kidung'ata kutoka ndani. Wengi wanaisimulia habari hii kana kwamba muhogo ulikuwa umekaa tu ukisubiri kuokolewa. Sivyo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba muhogo ulioshambuliwa hutoa harufu, na nyigu huifuata harufu hiyo hadi kwenye mmea wenye shida.

Mahindi nayo huita. Mwaka 1990 Ted Turlings na James Tumlinson, wakiwa Florida nchini Marekani, walitangaza kwamba mche wa hindi ulioliwa na kiwavi hutoa mchanganyiko wa harufu unaowavuta nyigu wanaotaga mayai ndani ya kiwavi huyo. Walipoukwaruza mche kwa kifaa, haukutoa mwito wa namna hiyo. Walipopaka mate ya kiwavi kwenye mkwaruzo, ukaita. Yaani hindi linaweza kutofautisha kidonda cha jembe na kidonda cha mdudu. Mwaka 1997 kemikali iliyomo ndani ya mate hayo ilitambuliwa, ikaitwa volisitini.

Je, wajua kwamba mbegu za asili huenda zinajua kuita mapema kuliko chotara? Habari hii nimeipenda kuliko zote zilizomo humu. Watafiti wa icipe, kituo cha sayansi ya wadudu chenye makao makuu Nairobi na shamba la utafiti Mbita kando ya Ziwa Victoria, waliacha nondo wa bungua wa mabua watage mayai kwenye mahindi ya aina mbalimbali. Mwaka 2011 walichapisha matokeo: mahindi ya asili ya Amerika ya Kilatini yalianza kutoa harufu mara tu mayai yalipotagwa, kabla ya kiwavi hata mmoja kutoka. Harufu hiyo iliwaita nyigu wa aina mbili, wanaoua mayai na wanaoua viwavi. Aina za chotara za kibiashara walizozipima hazikuonyesha uwezo huo. Baadaye walizigeukia mbegu za wakulima wa Afrika Mashariki, na baadhi ya hizo, zikiwemo Nyamula na Jowi za magharibi mwa Kenya, zikaonekana kuwa nao. Wazalishaji wa mbegu walikuwa wakitafuta mavuno makubwa, na hakuna aliyewaambia wasikilize harufu. Sipingi chotara: magunia yanayojaza ghala la mkulima wa Makere ni jambo la maana. Lakini mbegu ya zamani ikipotea, tunapoteza na ulinzi ambao hatujaupima bado.

Haraka haraka sasa. Mche mchanga wa hindi una sumu yake, DIMBOA, ambayo huhifadhiwa ikiwa imefungwa kwa sukari na kufunguka jani likitafunwa. Hupungua kadiri mmea unavyokua. Viwavijeshi vamizi wana dawa yake: tumboni mwao huirudishia sumu hiyo sukari, safari hii kwa mkao uliogeuzwa, na mmea hauwezi tena kuifungua.

Viwavi haohao, walioripotiwa Afrika mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017, wana hila mbaya zaidi. Wanakula ndani ya moyo wa hindi na kujaza humo kinyesi chao. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na kutolewa mwaka 2015 uligundua kwamba kinyesi hicho huudanganya mmea: hindi hudhani limevamiwa na ukungu, likawasha kinga dhidi ya ukungu, na kinga dhidi ya mdudu ikashuka. Basi ukikagua shamba asubuhi katika wiki za mwanzo ukaona unga wa mbao unyevunyevu kwenye moyo wa hindi, hapo mmea umekwishapotoshwa. Mponde kiwavi kwa vidole, au utie majivu au mchanga kidogo kwenye moyo, kama wengi wanavyofanya. Dawa ya kupulizia ikija ya kwanza, nyigu walioitwa nao wanakufa.

Majani tembo yanayolishwa ng'ombe yana mtego wake. Jioni hutoa harufu inayomvutia nondo wa bungua akatage hapo badala ya kwenye mahindi, kisha vitoto vinapoanza kutoboa, majani hutoa utomvu unaonata unaowaua wengi wao. Icipe na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, kwa kazi ya Zeyaur Khan na wenzake, walitengeneza kilimo cha sukuma-vuta kwa kutumia tabia hiyo: majani tembo pembezoni yavute, na mmea uitwao desmodi kati ya mistari ya mahindi uwafukuze nondo. Mizizi ya desmodi huliangamiza pia gugu la kiduha.

Je, wajua kwa nini bibi alichagua magunzi yaliyofungwa vizuri? Ganda refu linalofunika ncha yote ya gunzi humzuia fukusi asianze kutaga shambani. Punje ngumu za mahindi ya asili nazo zina ngozi yenye kemikali zinazomchosha mdudu kuliko punje laini za unga. Kinga hiyo ilipata mtihani mgumu dumuzi alipokuja. Dumuzi, ambaye watu wa Tabora walimwita pia Scania, aliingia kutoka Amerika ya Kati, na mkoa wa Tabora, jirani yetu wa mashariki, ndio uliokuwa wa kwanza barani Afrika kumpata, mwishoni mwa miaka ya 1970. Yeye hutoboa hata mbao za ghala.

Tuje kwenye maharage, maana hapa Kasulu na Kibondo ndiyo yanayolipa ada.

Je, wajua kwamba jani la harage lina ndoana? Vinyweleo vyake vina ncha zilizopinda. Vidukari na wadudu wengine wadogo wenye mwili laini hunaswa miguu wakafia hapo. Watu wa nchi za Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, zamani walitandaza majani ya maharage sakafuni kandokando ya vitanda usiku, na asubuhi wakayachoma yakiwa yamejaa kunguni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliyaangalia majani hayo kwa hadubini yenye nguvu na kuona ndoana zikiwa zimetoboa miguu ya kunguni. Walijaribu kutengeneza ndoana za bandia kwa umbo lilelile. Ziliwakwaza kunguni kidogo lakini hazikuwanasa. Jani halisi bado linashinda.

Je, wajua kuwa harage hutambua vipande vya mwili wake lenyewe ndani ya mate ya adui? Kiwavi akila jani la kunde au la harage, tumbo lake hukatakata protini ya jani. Kipande kimoja, inseptini, hurudi na mate kwenye kidonda. Mmea ukikigusa unajua unaliwa, ukaanza kutengeneza sumu na harufu. Jambo hili lilifichuliwa mwaka 2006 kwa kutumia kunde na viwavijeshi vamizi, na kipokezi kinachokitambua kipande hicho kilipatikana mwaka 2020.

Inzi wa maharage ndiye anayenitia uchungu zaidi, kwa kuwa hasara anayoleta mara nyingi huzuilika kwa jembe tu. Inzi huyu ni mweusi na mdogo, hutaga kwenye majani ya kwanza kabisa. Funza wake huteremka ndani ya shina hadi karibu na udongo, shina likavimba na kupasuka, majani yakawa ya njano, na mkulima akasema ni ukame. Lakini harage halifi papo hapo. Linaotesha mizizi mipya juu ya kidonda ili litafute maji kwa njia nyingine. Mizizi hiyo ikikuta hewa inakauka. Ikikuta udongo inaishi. Kwa hiyo ukipalilia wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, pandishia udongo kwenye mashina. Utakuwa umelimalizia harage kazi ambayo lenyewe lilikwisha kuianza. Samadi nayo husaidia, maana shambulio hili huua zaidi kwenye ardhi iliyochoka.

Harage kavu halijaacha kujilinda. Maharage mekundu mabichi yana lektini, protini inayovuruga matumbo ya wanaoyala, na mtu akila machache yasiyoiva anaweza kutapika ndani ya saa chache. Loweka, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali kwa nusu saa ndipo upunguze moto.

Lakini yuko asiyejali lektini. Mdudu wa maharage anayetawala maeneo ya milimani yenye baridi, Acanthoscelides obtectus, huanzia shambani kwenye maganda yanayokauka na kuingia nyumbani ndani ya gunia. Utamjua kwa vitundu vya mviringo. Mwaka 1983 wataalamu wa kituo cha CIAT nchini Colombia walitangaza kuwa baadhi ya maharage-pori ya Mexico yanahimili wadudu wa ghalani. Protini inayohusika, aselini, haimo katika maharage tunayolima. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, Paul Kusolwa na wenzake wa Oregon waliichukua kinga ya namna hiyo kutoka kwa harage la jangwani liitwalo tepari, wakaiingiza kwenye maharage mekundu makubwa. Mwaka 2016 walisajili mbegu-mzazi yenye kinga hiyo pamoja na kinga dhidi ya virusi viwili vya maharage.

Na kabla mbegu ya namna hiyo haijafika Mabamba au Heru Juu, kuna jambo la kufanya leo bila gharama. Ngozi ya harage ni ngumu, na kifunza aliyeanguliwa huhitaji muda mrefu kuitoboa akiwa amejiegemeza kwenye harage la jirani. Ukilibiringisha gunia au dumu lisilojaa kabisa asubuhi na jioni, kifunza hupoteza kitundu alichokianza na egemeo lake, akaanza upya, akachoka, akafa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba kubiringisha hivyo kila siku kulipunguza wadudu hawa kwa zaidi ya asilimia 90. Kazi hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza kabla hajaenda shule.

Je, wajua kwamba kafeini ni dawa ya wadudu? Mbuni huiweka zaidi kwenye majani machanga na kwenye punje. Arabika, ambayo ndiyo kahawa ya milima ya Kigoma, ina asilimia 1.2 hivi ya kafeini. Robusta ina karibu mara mbili. Wadudu wengi hawaiwezi. Ruhuka anaiweza. Mdudu huyu mweusi, mwenye urefu usiofika milimita mbili, hutoboa tunda, hutaga humo na kulea watoto ndani ya punje ileile yenye sumu. Mwaka 2015 ilifahamika siri yake: tumboni amebeba bakteria wanaoivunja kafeini. Watafiti walipowaua bakteria hao kwa antibiotiki, kafeini ilibaki nzima na mayai yakapungua. Kwa mkulima wa kahawa wa Kasulu, jibu bado ni la mikono: vuna matunda yote, okota yaliyoanguka, usiache buni nyeusi mtini kumvusha ruhuka hadi msimu ujao.

Mbuni hauitumii kafeini kwa kufukuza peke yake. Ndani ya maji matamu ya ua huiweka kidogo sana, kiasi ambacho nyuki hahisi uchungu. Geraldine Wright na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba nyuki walioonjeshwa kafeini waliikumbuka harufu ya ua baada ya siku nzima mara tatu zaidi ya wasioonjeshwa.

Tumbaku ya Kibondo hutengeneza nikotini kwenye mizizi, kisha huipandisha kwenye majani. Katika tumbaku-pori ya Marekani, ambayo Ian Baldwin ameichunguza kwa miaka mingi, jani likitafunwa juu, habari hushuka hadi mizizini na nikotini huongezeka mara kadhaa. Sumu hiyo hupenya hata ngozi ya binadamu. Wanaochuma majani yaliyolowa umande au mvua hupata kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kutapika. Hawajarogwa wala si malaria. Vaa nguo za mikono mirefu, ngoja majani yakauke, na watoto wasiguse kazi hiyo.

Kiazi kitamu kilichotobolewa na fukusi huwa kichungu kwa sababu chenyewe hutengeneza sumu kuzunguka kidonda. Kupika hakuiondoi. Kata utupe sehemu hiyo, usimpe mbuzi. Huko Uganda, aina iitwayo New Kawogo husumbuliwa kidogo na fukusi, na mwaka 2009 ilielezwa kuwa ngozi ya kiazi chake ina kemikali zinazowadhuru vifunza vinavyoanguliwa juu yake.

Mgomba uitwao Yangambi Km5, uliochukua jina kutoka Yangambi ya Kongo, huwaruhusu fukusi wa migomba watage, lakini watoto wengi wakianza kula tunguu lake hufa. Ndizi zetu za kupika za nyanda za juu hazina bahati hiyo.

Je, wajua kuwa katika mkoa huuhuu wa Kigoma sokwe ndiye aliyewafundisha wanasayansi? Novemba 1987, kwenye milima ya Mahale, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za miti, walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku aliyeonekana mgonjwa. Alikata tawi la mti mchungu, ule ambao Kagera huitwa mubirizi, akamenya ganda na kufyonza utomvu wa ndani. Siku iliyofuata alikuwa na nguvu tena. Watongwe huutumia mti huohuo kwa maradhi ya tumbo. Uchungu ule mmea uliutengeneza kwa ajili ya maadui zake. Kemikali mojawapo, vernodalini, imethibitika kuwafanya wadudu waache kula.

Utupa nao unajulikana na wengi kwa kuua samaki, jambo ambalo sheria inalikataza na ambalo huharibu mto mzima. Matumizi yake halali ni kulinda mazao: majani makavu yaliyosagwa huchanganywa na maharage ya mbegu, au maji yake hupuliziwa shambani. Ila utupa hauko sawa wote. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 uligundua aina mbili zinazofanana kabisa kwa macho. Moja ina rotenoidi zinazoua wadudu, nyingine haina, na kiasi cha robo ya mimea ya wakulima iliyopimwa Malawi ilikuwa ya ile isiyofaa. Ukijaribu utupa ukashindwa, omba mbegu kwa mtu ambaye wake unafanya kazi. Na mbegu zilizochanganywa na utupa zisiliwe.

Basi msimu huu, unapokwenda dukani kununua chotara, tenga kipande kidogo cha mahindi ya asili. Kiweke mbali na chotara, walau mita 200, au ukipande wiki tatu au nne mapema, ili mbelewele zisichanganyike. Wakati wa kuvuna, chagua magunzi ya mimea iliyosimama vizuri na yenye ganda lililofunika ncha, yaanike, uyaning'inize juu ya moshi wa jiko. Na kama kuna bibi kijijini kwako mwenye maharage ambayo huyaoni tena sokoni Kasulu wala Kibondo, mwombe kikombe kimoja kabla mvua hazijaanza.